Kutoka Hongo hadi Tozo: Maneno ya Sheria ya Utawala katika Njia Kuu ya Tabora

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyogeuka tabia, ni machache yanayomfaa mfasiri wa sheria kuliko neno hongo. Leo likitajwa ofisini watu hutazama mlango. Ni neno la aibu na la kesi, na lina ndugu zake wengi: rushwa, mlungula, chai, kitu kidogo. Lakini katika karne ya 19, kwa yeyote aliyesafiri baina ya pwani na Unyanyembe, lilikuwa neno la kawaida la kazi, kama vile leo tunavyosema nauli. Makala haya yanakusudia kulifuata neno hilo katika njia yake, kisha kuyatazama maneno yaliyorithi mahali pake katika barua, matangazo na sheria zetu. Maana wafasiri na maofisa wengi wanayatumia kana kwamba yote ni mamoja, na asiye na hatia ndiye anayelipa gharama ya kosa hilo.

Misafara ilitoka Bagamoyo na Saadani, ikapita Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji ya kunyweka, ikaingia Ugogo, na mwisho ikawasili Tabora. Hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini kwa Karagwe na Buganda. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa nguo: merikani, kaniki na nguo za rangi. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Ilihesabiwa kwa shuka ya mikono minne na kwa doti ya shuka mbili. Msafara ulipofika katika nchi ya mtemi ulisimama. Wajumbe walikwenda na kurudi, siku mbili, tatu au zaidi, mpaka ikapatana idadi ya doti. Hiyo ndiyo hongo. Ikishalipwa, msafara uliruhusiwa kupita, kununua chakula na, jambo kubwa zaidi kwa Ugogo, kuteka maji.

Wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke walioingia Tabora mwaka 1857, na Stanley aliyefuata mwaka 1871, wameijaza habari ya hongo katika vitabu vyao pamoja na manung'uniko tele. Wengine waliiona kuwa ni unyang'anyi. Mwenye kisima hakuiona hivyo. Alikuwa na nchi, alikuwa na maji, naye aliwaruhusu wageni mamia kwa mamia wapite na kunywa katika mwaka wa ukame kama katika mwaka wa mvua. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inaiweka maana hii ya malipo ya njia pamoja na ile ya rushwa, dalili kwamba wakati huo maana hizo mbili zilikuwa zikiishi nyumba moja.

Nini kilichoifukuza maana ya kwanza? Kwa maoni yangu, neno halikuharibika lenyewe. Liliondolewa mamlaka iliyokuwa nyuma yake. Mwezi Januari 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike pale Tabora, na mwaka 1897 wakaanza kutoza kodi ya nyumba nchini. Tangu hapo mwenye haki ya kutoza alikuwa serikali peke yake. Malipo aliyopewa mtu mwingine yeyote ili aruhusu jambo yakawa ni ya mfuko wake. Mkono ulionyoshwa ni uleule, doti ni zilezile, bali msingi wa kuzidai umetoweka. Neno likabaki na kitendo bila uhalali.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kabla ya hapo kila hongo ilipokelewa bila hoja. Mgogoro mkubwa wa Unyanyembe ulikuwa, kwa lugha ya leo, shauri la sheria ya utawala. Alipokufa Mtemi Fundikira, kiti kilirithiwa na Mnywasele. Huyu akataka mali yote iingiayo nchini mwake ilipiwe ushuru. Waarabu wa Tabora wakakataa, wakishikilia kwamba zamani hawakutozwa hivyo. Shauri halikupata mwamuzi. Likaamuliwa kwa bunduki. Mnamo mwaka 1860 Mnywasele aliondolewa na Mkasiwa akatawazwa, lakini vita vya msituni viliendelea mpaka Mnywasele alipouawa mwaka 1865. Baadaye Mirambo wa Urambo aliifunga njia hiyohiyo mwaka 1871, na bei ya pembe na nguo ikatikisika hadi Unguja. Ukiondoa baruti, swali lililobaki ni lile linalomhusu kila diwani na kila mkurugenzi wa halmashauri: nani ana mamlaka ya kutoza, kwa kiasi gani, na anayetozwa akipinga aende wapi?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalijibu sehemu ya kwanza katika ibara ya 138: kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na wenye nguvu kutokana na sheria ya Bunge. Basi tofauti ya kodi na hongo haiko katika ukubwa wala katika utamu wa mdomo wa anayedai. Iko katika sheria iliyo nyuma yake, kiwango kinachojulikana kabla, na stakabadhi.

Tukishafika hapa ndipo tabu ya istilahi inapoanza. Kodi, ushuru, ada, tozo na faini si maneno ya kubadilishana ili kupamba sentensi. Kodi humwangukia mtu au mapato yake kwa ajili ya matumizi ya umma kwa jumla, naye halipwi kitu mahususi badala yake. Ushuru huiandama bidhaa. Ada ni malipo ya huduma: mtu amefanyiwa jambo, amepimiwa, ameandikishwa, amekaguliwa, naye analipa gharama yake. Faini ni adhabu, na adhabu haina budi kutanguliwa na kosa. Mwanasheria ataongeza kwamba ada ikizidi mno gharama ya huduma, au huduma yenyewe isipokuwapo, basi imekuwa kodi iliyovaa kanzu ya jirani, na aliyeitoza aulizwe ni sheria gani ya Bunge inayomruhusu. Mfasiri anayeandika ada pahala pa kodi kwa sababu tu neno la kwanza ni fupi anamwibia mwananchi hoja hiyo.

Tozo ndiyo changa kati yao. Limetokana na kutoza, nalo ni neno zuri lisilo na lawama, lakini uzuri wake ndio udhaifu wake: linafunika chochote kinachotozwa. Katika mwezi wa Julai 2021 lilitoka makaratasini likaingia kila nyumba, ilipoanza tozo ya miamala ya simu; Septemba mwaka huohuo kiwango chake kikapunguzwa kwa asilimia 30 kutokana na kelele za watu. Tangu hapo, ukisema tozo sokoni Tabora, msikilizaji hafikirii aina ya malipo; anafikiria makato. Serikali nayo, katika mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara uliotolewa mwaka 2018, ilikiri kwamba tozo zilikuwa nyingi na zinapandana, hata likazaliwa fungu la maneno tozo kero. Fungu hilo laeleweka upesi, lakini silishauri litumiwe katika sheria. Kero ni hisia ya mlipaji, na sheria haiwezi kufuta hisia. Ifute malipo yenye jina.

Mrithi halisi wa kisima cha Ugogo ni kizuizi cha mazao. Msomaji aliyesafiri kutoka Nzega au Sikonge anakijua: mti umelazwa barabarani, kibanda, na kijana mwenye kitabu cha stakabadhi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa mazao, na kwa miaka mingi kikomo kilikuwa asilimia 5. Mwaka 2017 kikashushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja hadi nyingine yakaachiliwa. Mtu mwenye magunia machache ya mpunga juu ya toroli, akisimamishwa, ana haki ya kuuliza sheria. Lakini ili aulize hapana budi sheria iwe imemfikia katika maneno yanayoshikika. Nimesoma tangazo lililobandikwa kibandani lililosema mazao yote yatapaswa kuwa na uhalali. Uhalali gani? Stakabadhi? Kibali? Barua ya mtendaji wa kijiji? Tangazo la namna hiyo linamrudisha mwananchi katika zama za wajumbe kwenda na kurudi mpaka doti zikapatana.

Hapo tulipo pana mtego mwingine, nao ni sheria ndogo. Kwa diwani, sheria ndogo ni ile inayotungwa na halmashauri yake, ikaidhinishwa na waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Lakini Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo, na kamati hiyo haitazami za halmashauri tu. Inatazama kanuni za mawaziri, amri, na matangazo yote yenye nguvu ya sheria yaliyotungwa kwa madaraka ambayo Bunge limeyakasimu. Neno moja, ukubwa mbili. Napendekeza ile ya jumla iitwe sheria kasimu, na sheria ndogo ibaki mikononi mwa halmashauri, ambako watu wameizoea.

Sasa nije katika neno lililonifanya niandike makala haya. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja, mrina asali wa upande wa kusini mwa Tabora, alinijia na barua iliyokunjwa mara nne. Baada ya kuamkiana akasema, "Mwanangu, nisomee hii tena, labda mimi sikuielewa." Barua ya ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ilimwarifu kwamba kibali chake cha kuingia msituni kimesitishwa, na kwamba asiporidhika anaweza kukata rufani katika siku 30. Mzee alikuwa amesubiri msimu mzima. Kwake yeye, na kwa wengi wetu, kusitisha ni kusimamisha kwa muda: mvua imesitisha safari, ikikatika tutaendelea. Aliyeiandika barua alikusudia kwamba kibali kimeondolewa kabisa. Tulipokwenda ofisini pamoja, karani, kijana mpole, alimwamkia "Shikamoo babu", akafungua jalada, akasema siku 30 zilikwisha zamani. "Kwani kimekufa?" mzee akauliza. "Mbona hamkusema kimekufa?"

Sina jibu bora kuliko swali lake. Kiswahili hakina upungufu hapa, kina wingi. Kusimamisha ni kuzuia kwa muda, na barua iseme muda gani. Kufuta ni kuondoa tangu siku ya uamuzi na kuendelea. Yaliyotendwa kabla yabaki halali. Kubatilisha ni zaidi: ni kukifanya kitu kuwa kama hakikuwa na nguvu. Kusitisha kumechezewa mno hata hakufai tena kwa barua inayogusa riziki ya mtu, nami ningeomba maofisa wakuache kwa mikutano na mechi za mpira. Hata kubatilisha kuna tabu yake. Katika mambo ya ardhi twasema miliki imebatilishwa, tukimaanisha kitendo cha serikali. Na Mahakama Kuu inapoutengua uamuzi wa ofisa kwa kuwa haukufuata sheria, twasema vilevile umebatilishwa. Msomaji wa hukumu hukuta kwamba mahakama imebatilisha ubatilisho, naye akahitaji kalamu ili ajue ardhi imebaki kwa nani. Kwa mahakama ningechagua kutengua. Neno hilo lina picha ya fundo: lililofungwa na mmoja linafunguliwa na mwingine mwenye uwezo zaidi.

Tumbaku yatupa mfano wa neno lingine gumu. Tangu kuvunjika kwa mradi wa karanga wa Urambo mwanzoni mwa miaka ya 1950, zao hili limekuwa roho ya wilaya nyingi za Tabora, nalo linasimamiwa kwa sheria kutoka kitalu hadi soko: mkulima anaandikishwa, anapewa makisio, anauza kupitia chama cha msingi, na siku ya soko mteuzi anaupanga mzigo wake katika daraja. Mteuzi anatazama rangi, anagusa jani, anatamka. Neno lake ni bei. Uwezo huo wa kuamua kwa kupima mwenyewe, ndani ya mipaka ya sheria, tuuiteje? Wengi huandika hiari. Lakini hiari katika Kiswahili ni kupenda kwa mtu: ukitaka utafanya, usipotaka basi. Ofisa akiambiwa ana hiari, ataamini ana hiari. Wengine hupendelea busara. Hao wanamsifu ofisa kabla hajafanya kazi. Mteuzi hana hiari ya kuliita jani bovu zuri, wala hatuwezi kumwandikia busara katika kanuni. Ana upimaji. Ningesema madaraka ya upimaji, ingawa najua linasikika kama kazi ya mhandisi, na mwenye neno bora alilete.

Si ubishi wa maneno mitupu. Katika shauri la James Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, lililoripotiwa mwaka 1994, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliona kwamba mtumishi wa umma aliyestaafishwa kwa manufaa ya umma alistahili kupewa sababu. Fungu la maneno manufaa ya umma halitoshi kuwa sababu. Anayepima ana wajibu wa kuonyesha mizani. Anayetumia hiari haulizwi mizani.

Kuhusu udhibiti nitasema kidogo. Neno hili linabeba leo mizigo miwili: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anadhibiti fedha, yaani anazishika zisitoke ovyo, nayo mamlaka ya udhibiti usafiri ardhini, iliyoanzishwa mwaka 2019, au ile ya nishati na maji, inaweka masharti, inatoa leseni, inapanga nauli na bei, na kusikiliza malalamiko. Kazi ya pili si kushika tu. Katika miaka ya 1970, enzi ya Tume ya Bei, kudhibiti kulimaanisha kuamuru, na wazee wengi bado wanalisikia hivyo. Urekebu limewahi kupendekezwa na watu barazani, lakini halina miguu. Kwa sasa udhibiti ukae, mradi mfasiri ajue ni ya aina gani inayosemwa.

Haki ya asili ni tafsiri inayopotosha zaidi, hasa mikoani. Waziri au hakimu anaposema uamuzi ulikiuka haki ya asili, anakusudia kwamba mtu hakusikilizwa, au aliyeamua alikuwa na maslahi yake. Msikilizaji wa Tabora huelewa haki ya wenyeji wa asili, pengine ya ardhi ya babu zake. Katiba, ibara ya 13, imekwisha tupa neno wazi: haki ya kusikilizwa. Ibara hiyohiyo inatumia nafuu kwa kile mahakama inachompa mtu aliyeonewa, neno la mgonjwa aliyepata ahueni, nami sijaona lililo bora.

Imebaki njia ya kupinga, nayo ina vijia vitatu ambavyo barua zetu huvichanganya. Lalamiko linapelekwa kwa chombo kinachochunguza na kushauri. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza mwaka 1966 chini ya uenyekiti wa Erasto Mang'enya, ilizunguka mikoani kuyapokea, na tangu mwaka 2001 kazi hiyo ni ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Rufani humwomba mkubwa aangalie kama uamuzi ni sahihi. Mapitio ya mahakama hayaulizi usahihi. Huuliza kama aliyeamua alikuwa na mamlaka na kama alifuata utaratibu, na maombi ya ruhusa ya kuyafungua sharti yaletwe Mahakama Kuu katika miezi sita. Mzee wetu wa asali alipoambiwa rufani imepitwa, hakuna aliyemwambia kwamba mlango huu wa tatu ulikuwapo.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zimekuwa zikifasiriwa kwa wingi. Kazi hiyo ikifanywa kwa haraka, kila neno baya litapata nguvu ya sheria na itakuwa vigumu kuling'oa. Kwa barua za ofisi hatuna haja ya kungoja. Barua inayomwondolea mtu kibali iseme katika mistari yake ya kwanza: kibali kimefutwa au kimesimamishwa hadi tarehe fulani; kwa sheria ipi na kifungu kipi; kwa sababu gani; na rufani ipelekwe kwa nani, kabla ya tarehe gani, tarehe yenyewe ikiandikwa, si idadi ya siku. Mzee aliniuliza siku 30 zinahesabiwa tangu barua ilipoandikwa au tangu ilipomfikia, kwa kuwa ilimfikia kwa baiskeli ya mjukuu wake baada ya wiki mbili. Tuliutazama muhuri pamoja. Tarehe yake haikusomeka.